Dhidi ya Tanga la Kuviringisha

Mtambo wa kuviringisha tanga la mbele ni kitu kizuri sana kikiwa kwenye boti ya mtu mwingine. Unakaa nyuma karibu na usukani, unavuta kamba moja, na tanga lote linajikunja kwenye waya wake kama jamvi. Hakuna kuinuka, hakuna kulowa. Nimepanda boti za namna hiyo kama mgeni na sikulalamika. Lakini sasa nina robo ya boti, robo yangu mwenyewe, na wenye robo tatu zilizobaki wanataka tununue mtambo huo. Nawapinga. Na kwa kuwa mabishano ya kwenye kundi la WhatsApp huishia kwenye vikatuni vya kucheka, nimeamua kuyaandika yote mahali ambapo hawawezi kunikatiza.

Boti yenyewe ni Hurley 22 ya faiba, iliyoundwa Plymouth miaka ya 1970. Urefu wake ni mita 6.7. Ina mlingoti mmoja na matanga mawili: tanga kuu nyuma ya mlingoti, na tanga la mbele, la pembetatu, linalopanda kwa kufuata waya unaotoka omoni hadi kileleni mwa mlingoti. Tuliinunua wanafunzi wanne wa uzamili hapa Southampton kwa pesa ambazo hazifiki kodi ya chumba changu ya miezi mitatu, tukaifunga kwenye mto Itchen. Ilikuja na matanga matatu ya mbele ndani ya mifuko: jenoa kubwa la upepo mwanana, la kati, na dogo la siku mbaya. Kila moja lina vikulabu vya shaba kwenye ukingo wake wa mbele, unavibana kimoja kimoja kwenye waya, unatweka. Wenzangu wanaiona hiyo mifuko kama takataka aliyotuachia mwenye boti wa zamani.

Nieleze kwanza kinachouzwa. Waya wa mbele huvalishwa bomba refu la aluminiamu lenye mfereji, na ukingo wa tanga huingizwa humo. Chini, omoni, kuna bobini, mfano wa ile ya cherehani ila kubwa kama sahani. Juu kuna kiungo chenye beringi kinacholiruhusu tanga kuzunguka bila kuizungusha henza, yaani kamba ya kutwekea. Kamba ya bobini hupita pembeni mwa sitaha hadi nyuma. Ukiivuta, bomba linazunguka na tanga linajiviringisha. Harken ya Marekani, Profurl ya Ufaransa, Furlex ya Seldén ya Uswidi: gatini majina haya hutajwa kama watu wanavyotaja timu za mpira. Jina la Kiingereza la mtambo wenyewe, likipita kwenye kinywa cha mtu wa Tanga, linatoka "fala". Sikulitunga mimi, na kwa heshima ya wenzangu sitalitumia tena.

Kwenye maonyesho ya boti ya hapa Southampton, yanayofanyika kila Septemba, nilijaribu mfano wa mtambo huo ndani ya hema. Mtoto wa miaka kama sita aliyenitangulia kwenye foleni aliuvuta kwa mkono mmoja, watu wakapiga makofi. Ndani ya hema hapakuwa na upepo.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Kukunja tanga ni jambo moja, kulipunguza ni jingine, na muuzaji hukuuzia la pili kwa kukuonyesha la kwanza. Wazo la kukunja ni la zamani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa na kifaa cha Wykeham-Martin, ambacho kilikunja tanga lote au kililifungua lote, basi. Hakikuahidi zaidi ya hapo. Ahadi ya leo ni kubwa kuliko hiyo: kwamba tanga moja litatosha kwa kila upepo. Upepo ukizidi, viringisha theluthi, endelea na safari.

Nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Upepo ukitoka noti 10 ukafika noti 20, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na tanga si shuka. Mshonaji hulikata kwa mviringo ili likishikwa na upepo lifanye tumbo, na tumbo hilo ndilo linaloivuta boti. Ukiliviringisha nusu, kingo za juu na chini zinakazwa, lakini tumbo linabaki katikati na kusogea nyuma. Unapata mfuko. Boti inalala ubavu badala ya kwenda mbele, na pale unapotaka kubisha, kupanda joshi ili ujiondoe kwenye ufuko unakosukumiwa, haipandi. Kitambaa nacho ni kilekile chepesi kilichochaguliwa kwa upepo mwanana. Sasa unakitaka kibebe mara nne. Halafu pembe ya tanga inayoshikwa na demani imesogea mbele, kwa hiyo kapi la demani nalo lilipaswa kusogezwa mbele, jambo ambalo mtu mwenye baridi na hofu hakumbuki. Washonaji wanayajua haya yote. Ndiyo maana hushona ukanda wa sponji kwenye ukingo wa mbele, ili tumbo limezwe kidogo wakati wa kuviringisha. Kidogo.

Watu wa pwani yetu walilitatua hili bila beringi. Jahazi kwa desturi lilibeba matanga ya ukubwa tofauti. Upepo ukikaza, foromali inashushwa, tanga kubwa linafunguliwa, dogo linafungwa, foromali inapanda tena. Ni kazi ngumu, ya mikono mingi. Siisifu kwa ajili ya mababu. Mababu wangepewa injini wangeichukua, na wajukuu wao wameichukua. Ninachochukua kwao ni hesabu tu: tanga dogo lililoshonwa kuwa dogo, kwa kitambaa kizito na tumbo la kiasi chake, hufanya kazi ambayo tanga kubwa lililoviringishwa haliwezi. Mifuko mitatu tuliyoikuta kwenye Hurley ni hesabu hiyohiyo, imeandikwa na Waingereza.

Nisije nikahesabiwa upande wa wazee wa gatini. Wapo hapa wanaume wenye majaketi yaliyofifia wanaosema mtambo ni wa wavivu, kwamba baharia wa kweli hulowa. Upuuzi. Mabaharia wa Vendée Globe, wanaoizunguka dunia peke yao bila kutua popote kwenye boti za mita 18, huviringisha matanga yao ya mbele, na sioni nani mwenye akili atakayewaita wavivu. Lakini tazama wanavyoviringisha. Wana matanga kadhaa ya mbele ya ukubwa tofauti, na kwa kawaida hufungua moja lote na kukunja jingine lote. Wanabadilisha tanga, kama jahazi. Mtambo wao ni njia ya haraka ya kufanya kile ambacho mtambo tunaouziwa sisi unadai hatuhitaji kukifanya.

Kuna jambo linalonitisha zaidi ya tumbo la tanga, nalo ni waya. Kwenye boti kama yetu waya wa mbele ndio unaouzuia mlingoti usianguke nyuma. Mara nyingi huanza kukatika karibu na ncha zake, uzi mmoja mmoja, pale unapoingia kwenye kiungo. Ukiwa wazi, unapitisha kitambaa, uzi uliokatika unanasa, unajua. Ukiuvalisha bomba na ncha yake ukaificha ndani ya bobini, huoni kitu mpaka siku utakayoona mlingoti mzima ukija kwako. Vitabu vya maelekezo husema ufungue mtambo ukague. Niliwauliza wenye boti watatu gatini mara ya mwisho walifungua lini. Wawili hawakukumbuka. Wa tatu alicheka.

Halafu kamba. Tanga lililoviringishwa nusu linashikiliwa na kamba moja nyembamba, na hiyo ikikatika kwa kusuguliwa, jenoa lote linafunguka kwa mkupuo. Haichagui siku ya utulivu kukatika. Henza nayo, kama pembe kati yake na waya ni ndogo mno, hujisokota kwenye bomba huko kileleni, na mtambo unagoma: tanga haliingii, halitoki, wala halishuki. Hata boti ikiwa imefungwa, tanga liko juu. Dhoruba Eunice ilipopita tarehe 18 Februari 2022, kipimo cha Needles, kwenye kisiwa cha Wight, kilisoma maili 122 kwa saa. Tanga lililoachwa kwenye bomba katika upepo wa namna hiyo linatafuta upenyo mmoja tu. Likiupata, linajifungua lenyewe na kupigapiga mpaka liwe matambara. Dhoruba zinapotabiriwa, matanga yetu huwa chini ya kitanda changu. Mwenye nyumba hajui.

Hoja pekee iliyoninyima usingizi ni ya mwenzangu wa Mombasa, anayesomea uhandisi wa meli, na ambaye habari za tumbo la tanga anazijua kuniliko.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wewe wazungumzia kubisha. Mimi nazungumzia kufa. Boti ndogo ikiruka, mtu yuko omoni kwa magoti, mkono mmoja kwenye kulabu. Nikitumbukia huko, wewe peke yako utanigeuzia boti?"

Hili si la kufanyia mzaha. Mwezi wa Aprili maji ya Solent huwa karibu nyuzi 10. Dakika ya kwanza unahema bila kujitawala. Dakika kama kumi baadaye vidole havishiki kamba uliyotupiwa. Kuogelea kwako Nyali au Raskazone hakukusaidii kitu. Anayesema mtambo ni urahisi tu hajamsikiliza dada huyu, na mimi nimemsikiliza.

Ninamjibu kwamba kinachoua ni safari ya kwenda omoni, na safari hiyo inazuilika kwa kamba ya kushushia. Unaifunga kwenye kichwa cha tanga, unaipitisha chini sambamba na vikulabu hadi kwenye kapi dogo omoni, unairudisha nyuma. Ukitaka kushusha, unaachia henza kwa mkono huu na kuvuta kamba kwa mkono ule, na tanga linashuka kwenye waya mpaka sitahani bila mtu kuinuka. Wavu wa kamba pembeni unalizuia lisimwagike majini. Haina beringi. Haina bobini ya kunasa. Mita kama 15 za kamba na kapi moja.

Haibadilishi tanga, ni kweli. Kubadilisha bado ni kazi ya omoni. Ndiyo maana tanga huchaguliwa gatini, baada ya kusoma utabiri, na ukisita kati ya mawili unabana dogo. Upepo ukifa tutachelewa kufika Cowes. Sisi ni watu wa tasnifu, tumezoea. Upepo ukizidi, tunashusha tanga la mbele, tunapunguza tanga kuu, tunarudi. Mtambo, kwa upande wake, haujaifuta safari ya kwenda omoni. Umeiahirisha mpaka pale bobini inapokwama, ambapo jenoa lote liko juu, linapiga, na mtu anayekwenda mbele hajawahi kufanya kazi huko hata siku moja kwa sababu alinunua kitu cha kumwondolea hiyo kazi.

Wapo ambao ningewaambia wanunue. Mtu wa miaka 70 mwenye magoti mabovu, anayesafiri na mkewe tu. Mzazi mwenye watoto wawili wadogo sitahani na mkono mmoja huru. Kwao nasema nunueni, lakini msinunue pamoja na jenoa la asilimia 150. Asilimia hiyo hupima tanga linavyoenda nyuma: la 100 huishia kwenye mlingoti, la 150 huupita kwa nusu nzima. Shoneni la 100 au 110, la kitambaa kizito kidogo, mlifungue lote au mlikunje lote, na upepo ukizidi muanze kupunguza tanga kuu. Mtakwenda polepole siku za upepo mdogo. Na kila mwaka mshushe mtambo mtazame waya.

Sisi tuko wanne, magoti yetu ni mazima, na bei ya mtambo mdogo kuliko yote tuliyoupata, kabla ya kushonesha tanga lake, ni nusu ya bei ya boti. Kwa pesa hiyo napata waya mpya wa mbele, mikanda minne ya kujifunga sitahani na chenji. Mikanda hatuna kabisa. Nimeliandika hilo kwenye kundi mara tatu, na mara tatu nimejibiwa kwa picha ya bobini.

Jumapili nilifunga kamba ya kushushia. Mwenzangu wa Mombasa alikuja, akaivuta mara tatu boti ikiwa imetulia kwenye nafasi yake, akasema hapa hapana upepo, na kwa kuwa kisa cha hema nilimsimulia mwenyewe sikuwa na la kujibu. Sharti lake ni hili: noti 20, nje ya Calshot, yeye ameketi nyuma na mimi nimenyamaza. Tanga likishuka bila yeyote kuinuka, kura yake ni yangu. Likinasa, tunaagiza mtambo. Utabiri wa Jumamosi unasema kusini magharibi, noti 18 hadi 22. Mikanda miwili tumeazima. Nimeshalitoa tanga la kati chini ya kitanda.