Si Kila Mkimya Amepoa Kiroho

 

Leo nina neno ambalo huenda wengine hamtalifurahia, hasa ninyi wa maombi ya sauti kubwa. Nawapenda, lakini nivumilieni.

Sisi Wapentekoste tumejiwekea kipimo ambacho Biblia haikutupa. Anayeruka, anayepaza sauti, anayekesha mpaka kuche bila kupiga mwayo, huyo tunasema ana moto. Anayeketi kimya, macho amefumba, midomo inatikisika kidogo tu, tunaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. "Huyu dada amepoa." "Huyu ndugu ana roho ya uzito." Na akisinzia saa nane usiku kwenye kesha, anaitwa mbele akemewe pepo la usingizi.

Hebu fungua 1 Samweli 1. Hana aliomba ndani ya moyo wake, midomo ikicheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli, mtumishi wa miaka mingi, akamwangalia mdomo akaamua kwamba mwanamke huyu amelewa. Mtu mwenye mzigo mzito namna ile akahesabiwa mlevi kwa sababu tu hakupiga kelele! Tena aliyemhukumu si mpagani wa mtaani, ni mtu wa madhabahu. Naye Mungu alikuwa anamsikia. Samweli alitoka katika ombi ambalo hakuna aliyelisikia kwa masikio. Sasa wewe unayehesabu nani amepiga kelele na nani hajapiga, unatumia macho ya nani?

Mungu ametuumba kwa mwendo tofauti. Wako wanaoamka wamejaa nguvu, wanaongea hata kabla ya kunawa uso, na wakikaa na watu wanazidi kuchangamka. Wako ambao ibada ya saa nne pamoja na salamu za nje zinawamaliza kabisa. Wanawapenda watu, ila mwili wao unataka ukimya kidogo ndipo nguvu zirudi. Huyo akiondoka mapema baada ya ibada, usiseme ana kiburi.

Tuliosoma chuo cha Biblia tulifundishwa hulka nne: sanguini mchangamfu, koleriki mwenye amri, melankoli mwenye kufikiri sana, flegmatiki mpole. Mafundisho hayo ni ya kale, yametoka kwa matabibu wa Wagiriki na Warumi waliodhani tabia inatokana na majimaji ya mwilini. Mchungaji Tim LaHaye wa Marekani akayaleta kwa Wakristo katika kitabu chake cha 1966. Habari ya majimaji madaktari waliiacha zamani. Mimi naona hulka hizo nne zinafaa kama kioo cha kujitazama tu. Usijifungie humo.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi, na ni la hapa hapa Afrika Mashariki. Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, watu wa kuwinda na kuchuma matunda ya porini. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa 2017. Katika usiku wote huo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu! Hakuna aliyepangiwa zamu. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana wakachelewa, huyu akajigeuza, yule akatoka nje. Watafiti wakasema huenda tofauti hiyo ndiyo iliyowalinda wanadamu tangu zamani, kwa sababu karibu kila saa kuna mtu aliye macho.

Nilipofikiria hilo niliona kanisa. Paulo anatuambia katika 1 Wakorintho 12 kwamba mwili mmoja una viungo vingi. Tumezoea kuhubiri hilo tukiwa na maana ya karama: huyu mwimbaji, yule mwalimu. Mbona hatulisemi juu ya saa na nguvu?

Hapa Rhamu hata jua linatufundisha. Ndugu akihamishiwa huku kutoka Nyeri au Kericho, wiki ya kwanza anaona maduka yamefungwa mchana, watu wamejilaza kivulini, anasema watu wa huku ni wavivu. Hajaenda alfajiri kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Daua akaona watu wameinama kazini kabla jua halijapanda. Mwezi wa tatu ukifika, utamkuta yeye mwenyewe saa nane mchana amelala sakafuni akitafuta ubaridi wa simiti. (Na ninyi mnaofunga bila maji kwenye joto hili, njooni tuongee.)

Sasa mwenye hasira asinielewe vibaya. Kuna ndugu anatukana watu kwenye kikao halafu anasema, "Mimi ndivyo nilivyoumbwa, ni koleriki." La hasha. Hiyo inaitwa dhambi, na dawa yake ni toba. Na mpole anayekwepa kila jukumu asijifiche nyuma ya upole.

Tena kuna uchovu ambao si hulka. Kama ulikuwa mchangamfu, na sasa ni miezi miwili kuamka tu ni vita, nenda hospitali upimwe damu, upimwe sukari. Kama moyo umekata tamaa mpaka huoni sababu ya kuishi, mwambie mtu leo, usingoje Jumapili. Eliya alitoka Karmeli kwa ushindi, muda si mrefu akalala chini ya mti akiomba afe. Soma 1 Wafalme 19 uone Mungu alifanya nini. Hakumkemea pepo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu. Wahudumu wa maombi, tafadhali, kabla hujamwekea mtu mikono kwa "roho ya uzito", muulize amekula nini na amelala saa ngapi.

Basi kuanzia mwezi ujao maombi yetu yatakuwa na zamu mbili. Wa usiku wataendelea na kesha lao kama kawaida. Wa alfajiri tutakutana saa kumi na moja, na hakuna atakayeulizwa mbona hakuonekana usiku. Wanaoomba kimya watapewa upande wao wa kukaa, mbali na spika.

Niandikieni hapa chini: ni saa ngapi ya siku ambapo akili yako iko macho kabisa? Andika saa yako ya kweli, si ile unayodhani mchungaji anataka kusikia.