Barua kutoka Jersey City: mdaiwa mbele ya mwajiri

Kwa ndugu zetu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na kwingineko,

Wakenya wa hapa Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson, hutumiana matangazo ya kazi za nyumbani kwenye WhatsApp, kwa kuwa wapo wanaotaka kurudi na wapo wenye wadogo zao wanaotafuta. Tangazo likitua, hoja huwa haichelewi. Nafasi ni ya dereva, ya karani au ya mhasibu wa kaunti, lakini mkia wake ni ule ule: cheti cha kodi kutoka KRA, cheti cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, na cheti cha CRB, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo.

Hicho cha mwisho ndicho kilichoandikisha barua hii. Kinauzwa shilingi 2,200. Cha tabia njema ni 1,050. Mwombaji hajaitwa usaili, hajui kama barua yake imesomwa, na tayari ametoa zaidi ya shilingi elfu tatu kuthibitisha kwamba hadaiwi na hakuiba. Vyeti hivi vyote hupewa baraka za Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, ingawa mtu anaweza kuisoma sura hiyo neno kwa neno asikutane na CRB popote.

Dhana ya kumpima mtu uaminifu kwa madeni yake ilikomaa huku Marekani. Mwaka 1899, ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walianzisha kampuni ya Retail Credit mjini Atlanta. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wenye maduka ni nani analipa na ni nani hukwepa. Biashara ikanoga, wanunuzi wakaongezeka: makampuni ya bima, kisha waajiri. Wapelelezi wa kampuni walibisha hodi kwa majirani wakauliza nani mlevi, nani anaishi na nani, ndoa ya nani inayumba. Umbeya wa mtaa ukageuka faili, na mwenye faili hakuwa na haki ya kuliona. Bunge lilipokasirika, ikatungwa sheria ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970. Kampuni yenyewe ilibadili jina mwaka 1975, ikawa Equifax, ile ile ambayo mwaka 2017 wadukuzi waliichotea taarifa za watu wapatao milioni 147.

Sheria ya 1970 haikumkataza mwajiri kutazama. Marekebisho yake ya 1996 ndiyo yaliyomwekea masharti mazito. Lazima mwombaji aarifiwe kwa karatasi ya peke yake, isiyochanganywa na fomu nyingine, na atie saini kukubali. Mwajiri akiona kitu kinachomfanya asite, hana ruhusa ya kumtupa mtu kimyakimya. Kwanza ampe nakala ya ripoti na maelezo ya haki zake, ili kama kuna kosa apate kusema. Kwa kawaida gharama ni ya mwajiri.

Ripoti yenyewe haina mvuto. Wengi hudhani mwajiri huona ile alama maarufu ya tarakimu tatu, haioni. Anachoona ni akaunti moja chini ya nyingine, kila moja na safu ya visanduku vya miezi. Kisanduku cha mwezi uliolipwa kiko salama. Uliochelewa huandikwa 30, unaofuata 60, kisha 90, na mwishoni deni hutangazwa hasara na kuuzwa kwa wakusanyaji. Safu hiyo haisemi kwamba ule mwezi wa 60 ndio mwezi kiwanda kilipofungwa, wala kwamba ule wa 90 mke alikuwa amelazwa.

Na kulazwa ni jambo zito katika hadithi hii. Mwaka 2014, taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja wa fedha ilikuta kwamba takriban nusu ya madeni yaliyofikishwa kwa wakusanyaji na kuandikwa kwenye ripoti yalikuwa ya matibabu. Mtu aliyevunjika mguu akiwa hana bima aliingia katika orodha moja na aliyekopa kwenda kucheza kamari Las Vegas. Tume ya Biashara ya nchi hiyo nayo ilifanya utafiti ulioonyesha kuwa mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitishwa katika angalau ripoti moja kati ya zile tatu za Equifax, Experian na TransUnion. Makosa mengi yalikuwa madogo. Kwa anayesubiri kazi, ni vigumu kumwambia lipi ni dogo.

Sisi wageni tuna mkosi wetu. Mtu anatua Newark na digrii, sanduku na akiba kidogo. Hajawahi kukopa hata senti. Kwa mizani ya nyumbani huyo ni mtu wa kuigwa. Huku ni kivuli tu: hana faili. Mwaka 2015 ilikadiriwa kuwa watu wazima milioni 26 nchini hapa hawakuwa na rekodi yoyote ya mikopo. Dawa yake ni kuweka benki dola mia mbili au zaidi kama dhamana, kupewa kadi ya kukopea fedha zako mwenyewe, na kuzilipa kila mwezi kwa adabu hadi mashine ikutambue. Mwandishi wa barua hii alipitia njia hiyo na bado haioni busara yake.

Je, waajiri wanapata wanachokitafuta? Chama cha wataalamu wa rasilimali watu kiliripoti mwaka 2012 kuwa karibu nusu ya waajiri waliohojiwa wanakagua madeni ya baadhi au ya waombaji wote. Ungetegemea kuwe na ushahidi mzito nyuma yao. Mwaka 2010 wabunge wa jimbo la Oregon walimuuliza Eric Rosenberg, ofisa wa TransUnion, juu ya ushahidi huo. Alijibu kwamba kampuni haikuwa na utafiti wowote unaoonyesha uhusiano wa kitakwimu kati ya yaliyomo kwenye ripoti ya mikopo ya mtu na utendaji wake kazini, au uwezekano wake wa kufanya ulaghai. Ndiyo TransUnion hiyo hiyo yenye ofisi Nairobi, miongoni mwa wanaokuuzieni cheti.

Miaka miwili baadaye ukaja utafiti wa kisayansi wa Jeremy Bernerth na wenzake. Haukuwaunga mkono wapinzani moja kwa moja, na kwa sababu hiyo unafaa kusomwa. Waligundua kwamba wenye alama nzuri za mikopo ni watu wa utaratibu, wenye kumaliza walichoanza, na hilo huonekana kazini. Lakini katika utovu wa nidhamu kazini, alama hazikutabiri kitu. Kisha kuna kichekesho: watu wapole, wenye moyo wa kusaidia, ndio walioelekea kuwa na alama mbaya. Aliyewahi kumdhamini mwenzake mkopo wa sacco, kisha akaona mshahara wake mwenyewe ukikatwa baada ya mwenzake kuhama mji, haulizi kwa nini.

Wanaotetea ukaguzi huu wana hoja isiyofaa kubezwa. Mtu aliyezama kwenye madeni hadi shingoni hushawishika. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa amebanwa na madeni na talaka, na watu waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri wakauawa kwa sababu yake. Lakini hadithi hiyo isikatwe njiani. Mwaka 1989 Ames alinunua nyumba Virginia kwa dola 540,000 taslimu. Akawa anakwenda kazini na gari aina ya Jaguar. Alikamatwa Februari 1994. Kwa miaka mingi ya usaliti wake, kudaiwa hakukuwa tena shida yake. Kilichopaswa kumshtua mwajiri ni utajiri. Wanaokumbuka kashfa ya Goldenberg hawahitaji kusimuliwa zaidi: nani alipora mabilioni kwa sababu alishindwa kulipa mkopo wa simu?

Majimbo kadhaa yaliamua kupunguza ukaguzi huu. Washington ilitangulia mwaka 2007, Hawaii ikafuata 2009, kisha Oregon, Illinois, Maryland, Connecticut, California na mengine. Jiji la New York lilipiga marufuku mwaka 2015, likabakiza milango michache, kama vile polisi na wenye mamlaka ya kutia saini juu ya mali au mikataba ya kuanzia dola 10,000. Kwa hiyo mtu wa Jersey City akivuka mto kwa treni ya dakika chache, deni lake linakuwa si shauri la mwajiri; akirudi upande wetu, linaweza kuwa.

Kwingine vita vilishindwa, tena kwa aibu. Tume ya serikali inayosimamia usawa kazini iliishtaki kampuni ya elimu ya Kaplan ikisema ukaguzi wake wa madeni unawaumiza zaidi Waafrika-Wamarekani. Kaplan ilikuwa imeanza ukaguzi baada ya baadhi ya wafanyakazi wake kuiba fedha za wanafunzi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani iliitupa kesi, na majaji hawakukosa kutaja kwamba tume yenyewe ilikuwa ikikagua madeni ya waombaji wa nafasi 84 kati ya 97 ilizokuwa nazo.

Na marufuku zenyewe hazikuleta mana. Wachumi Robert Clifford na Daniel Shoag walipofuatilia majimbo yaliyozuia ukaguzi, waliona ajira ikiongezeka katika mitaa yenye madeni mengi, ila waajiri nao waliongeza masharti ya elimu na uzoefu, na Waafrika-Wamarekani, ambao sheria ilidhaniwa kuwaokoa, wakapoteza nafasi. Mwajiri aliyenyang'anywa kipimo kimoja hushika kingine, na huenda hicho kingine ni chuki tu iliyovaa suti. Kwa hiyo barua hii haiombi Kenya ifute CRB kwa kalamu moja. Benki kutaka kujua kama mteja hulipa ni jambo la haki.

Shida ya nyumbani ni mpangilio. Huku, kwa kawaida mwajiri huanza kwa kuchagua mtu, ndipo anapomkagua kwa gharama yake. Huko mara nyingi anayekaguliwa ni kila mwombaji, na kila mwombaji anajilipia. Mtazame mhitimu wa chuo. HELB inamtaka aanze kulipa mwaka mmoja baada ya masomo. Hana kazi, halipi. Faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na jina linaweza kupelekwa CRB. Anaomba kazi ili alipe. Anaambiwa alete cheti kinachosema hadaiwi. Ukitafuta namna bora ya kuhakikisha mkopo haulipwi kamwe, huipati.

Serikali ilikwisha kuona kwamba orodha ile si mizani ya tabia. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasio na leseni kupeleka majina CRB, na ikakataza kuorodhesha mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000, kwa sababu kulikuwa na watu waliofungiwa milango kwa deni la nauli ya matatu. Mwaka 2022 ukaja mpango wa kuwaondoa mamilioni ya wakopaji wa simu kwenye orodha mbaya. Kama mamilioni walikuwemo kwa pamoja, orodha ilikuwa ikisimulia habari za uchumi zaidi kuliko za uadilifu wa mtu mmoja mmoja.

Bodi za utumishi za kaunti, basi, zinaweza kufanya mambo matatu bila kusubiri Bunge. Zitaje ni nafasi zipi hasa zinashika fedha za umma, na dereva wa ambulensi atolewe humo. Zidai cheti baada ya mtu kuchaguliwa, zikilipia zenyewe. Na zimpe anayekutwa na doa nafasi ya kulieleza, kama sheria ya Marekani inavyotaka. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 tayari inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile tu zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa. Mwombaji aliyekataliwa ana pa kuanzia.

Kwa wanaotafuta kazi sasa hivi: kila mwaka mna haki ya ripoti moja ya bure kutoka CRB. Iombeni kabla ya kununua cheti. Angalieni kama mkopo mliomaliza bado umeandikwa wazi, kama kuna akaunti msiyoijua, na kama mkopeshaji aliwapa ile notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina. Mkikuta kosa, pingeni kwa maandishi, kwa CRB na kwa mkopeshaji pia, na mhifadhi nakala.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Jersey City