Mtoto wa garaji si stendi ya motere

Ndosho, Goma. Kando ya barabara ya kwenda Sake, motere ya Hiace ikishatolewa ndani ya gari inalazwa juu ya pneu ya zamani. Kisha patroni anapiga kelele: geuza! Vijana watatu wanainama, wanaingiza mikono chini ya chuma chenye kilo zaidi ya 150, wanageuza. Wengi ni watoto wa familia zilizokimbia vita huko Masisi na Rutshuru. Tangu makambi ya Bulengo na Lac Vert yalipovunjwa Februari 2025, mama aliyebaki mjini anatafuta mahali popote ambapo mtoto wake atashika kazi. Anampeleka garaji. Huko anageuzwa kuwa stendi.

Patroni wanaita hayo kujifunza. Kujifunza gani? Anayeshika motere isianguke haoni pistoni ikipimwa. Na kidole kikibanwa, nani atalipa matunzo? Hospitali ya CBCA Ndosho, iliyojaa majeruhi wa vita Januari 2025, haihitaji kuongezewa vidole vya garaji.

Mteja pia anaumia. Udongo wa hapa ni mawe ya volkano na vumbi jeusi lenye kukwaruza. Motere iliyofunguliwa chini inalimeza; likifika kwenye vyuma laini vinavyobeba kranki, haichukui muda motere inaanza kugonga. Mwenye taksi ametoa dola zake zote, anaambiwa spea zilikuwa mbaya. Spea za Goma zinasingiziwa mengi.

Jibu la patroni linajulikana: stendi inatoka ng'ambo, pesa hakuna. Kwanza, stendi nyingi za bei ndogo hazina gia. Motere inazuiwa na pini moja tu; ukiichomoa, upande mzito unashuka wenyewe na kumpiga aliye karibu. Kukosa hiyo si hasara kubwa. Pili, stendi yenye gia inaweza kutengenezwa hapahapa, na vyuma vyake vimelala kwenye malundo ya malori yaliyokufa.

Tazama breki za hewa za lori la zamani. Kuna mkono mfupi wa chuma unaosukumwa na hewa ili kuzungusha ekisi ya breki. Ndani ya mkono huo mna gurudumu la meno na skurubu inayolizungusha. Fundi anaitumia kukaza breki. Mkono ukifungwa imara kwenye fremu, ukigeuza skurubu kwa ufunguo, ekisi inazunguka polepole. Ukiacha ufunguo, inabaki palepale, kwa sababu meno hayana nguvu ya kuirudisha skurubu nyuma. Chuma kilichozoea kusimamisha lori la tani nyingi hakitashindwa na motere ya Hiace. Basi kijana mmoja anaigeuza peke yake, huku mwenzake akitazama na kuelewa.

Usichukue boksi la usukani: nyingi hazimalizi mzunguko mzima.

Mafundi wa kuchomelea vyuma wapo Ndosho, na wanatengeneza milango na magrili kila siku. Wanachokosa ni mtu wa kuwaagiza. Hapa mashirika yanayofundisha vijana ufundi nayo yajibu. Kijana anapewa mafunzo, sanduku la funguo, cheti, anapigwa picha. Sanduku linauzwa mwezi ambao nyumbani hamna unga, na nani atamlaumu? Stendi moja inayotumiwa na garaji kadhaa haibebeki mfukoni kwenda sokoni, na ingewafaa wengi zaidi.

Kazi yenyewe isifanywe ovyo. Miguu iwe mirefu kupita motere, la sivyo yote inaanguka mbele. Ekisi ipite karibu na katikati ya uzito, juu kidogo ya kranki, ili skurubu isiteswe. Bulo zinazoshika motere ziwe ngumu, zenye alama ya 8.8 au zaidi kichwani, si zile laini za mabati. Na kabla ya motere ya mteja kupanda, stendi ibebeshwe mzigo mzito zaidi usiku kucha, igeuzwe pande zote, kisha kila mshono wa kuchomelea utazamwe kwa tochi. Wakati wa majaribio hayo, hakuna mtoto anayesimama chini yake.