Kupumzika si uvivu

Sisi wa Gerezani na Kariakoo tunaamka mapema. Saa kumi alfajiri mama lishe amekwisha kuwasha mkaa, na wachukuzi wanapakua magunia sokoni. Jua likipanda kidogo tu, mafundi wanagonga vyuma. Ukimwuliza mtu habari, hujibu, "Tunahangaika tu." Neno hilo tumelifanya salamu, na asiyehangaika tunamwita mvivu.

Mwezi Februari 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Hatuipingi. Soko laweza kukesha kwa sababu watu hupokezana zamu. Lakini mwili ni mmoja, hauna wa kupokezana naye.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa uchunguzi wa pamoja. Mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko yule afanyaye saa 35 hadi 40. Tuhesabu ya kwetu: anayefungua kibanda saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku zote saba, hufanya saa 91.

Shinikizo la juu la damu nalo mara nyingi halina dalili. Mtu hubeba, hukimbia, hucheka, mpaka siku anapoanguka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini wengi wetu hatuna mwajiri. Basi nani atatupa likizo? Hapana mwingine ila sisi wenyewe.

Tunajua jibu la wengi: njaa haijui Jumapili, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Ni kweli. Lakini kiharusi hakimlazi mtu mmoja. Mtoto huacha masomo amuuguze, na mtaji wote huishia kwenye dawa. Siku moja ya kufunga kibanda ni nafuu kuliko hiyo.

Tuanze na yanayowezekana. Mtu mzima alale saa saba au zaidi. Chakula cha mchana tukile tumekaa. Tupime shinikizo la damu hata kama hatuumwi. Majirani wa biashara waangaliane vibanda kwa zamu, kila mmoja apate siku yake.

Tena tuseme wazi jambo moja. Katika nyumba zetu nyingi Jumapili baba hupumzika, watoto hucheza, lakini mama hufua, hupika na kuosha vyombo. Hayo si mapumziko ya familia, ni mapumziko ya baadhi yao. Vijana wa kiume na akina baba washike jiko na ndoo. Bwana wetu alipoona mitume wamechoka aliwaita wote wapumzike, hakumwacha mmoja akiwahudumia wengine.

Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na uchovu, kwa maana hawakuwa na ruhusa ya kutua mizigo. Sisi ruhusa tunayo. Tutue kidogo, kesho tutabeba tena.