Kujikwaa bila kuanguka: tusiishie ku «pole»



Musimu uliopita mama mumoja alikuwa anashusha kahawa mbivu ku kituo cha kuosha. Ilikuwa saa 12 za magaribi, mvula imetoka kunyesha. Pale njia inavuka mufereji, muguu wake uliteleza ku jiwe. Alijikaza, hakuanguka, muzigo haukumwangika. Sisi tuliokuwa ku mizani tukasema «Pole, mama», mumoja akacheka, tukapima, tukaandika kilo. Siku ya pili kifundo cha muguu kilikuwa kimevimba. Alikaa nyumbani majuma mawili, na kahawa yake ikaivia ku miti mpaka ikaanza kuanguka chini.

Ku daftari yetu kulibaki kilo tu. Hilo ni kosa letu.

Wazee wanasema kujikwaa si kuanguka. Ni kweli. Lakini mutu mwenye kubeba kilo 30 anaweza kuumia kifundo, goti ao mugongo palepale anapojikaza asianguke. Na kwa joto ya mwili haisikii vizuri mpaka usiku.

Kwa hiyo, mutu akijikwaa, kwanza atue muzigo, akae, ajiangalie. Kifundo kikiuma, apumzishe muguu, aweke kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hivi, afunge bande bila kukaza sana, na akilala muguu uwe juu ya muto. Siku mbili tatu za kwanza asikandwe na maji ya moto, wala mutu asimuvute muguu: uvimbe unaweza kuongezeka. Kidole kikipasuka, kioshwe na maji safi na sabuni, tena amuulize muganga juu ya chanjo ya pepopunda.

Kuna mambo yasiyongoja. Kama ameshindwa kutembea hatua 4, ao mufupa unauma ukiufinya, aende ku kituo cha afya, sababu inawezekana umevunjika. Kama ni mugongo, na miguu inakufa ganzi ao mukojo unamuponyoka, aende siku ile ile. Mama mwenye mimba akiona damu, akiumwa tumbo, ao mutoto hachezi kama kawaida, asingoje kesho.

Kisha, siku inayofuata, mutu wa komite amupitie nyumbani na kumuuliza: muguu unaendelea namna gani? Hiyo haiombi franka hata moja.

Tunajua kuna wenye kusema: «Kila mutu aangalie pa kukanyaga. Koperative ni ya kahawa, si ya miguu.» Tunawaelewa, kazi ni nyingi na sanduku ni ndogo. Lakini tuulizane: nani anamuharakisha ule mama? Sisi maagronomu ndio tunafundisha kwamba kahawa mbivu ikamuliwe siku ile ile imevunwa, isichachuke na kupoteza ubora. Kanuni hiyo ni nzuri, hatuirudishi nyuma. Lakini kama kituo kinapokea magaribi tu, watu wote wanateremuka saa moja, giza inaingia, na kila mutu anabeba muzigo wote mara moja ili asirudi tena mulimani. Ubora tunaojivunia, wamama ndio wanaulipa na vifundo vyao.

Mawazo yetu ni matatu.

Moja, wakati wa mavuno mengi kituo kifunguliwe tangu saa 7 za muchana. Mwenye kuvuna asubuhi ashushe mara mbili, muzigo nusu nusu, angali anaona njia.

Mbili, ku mizani kuwe ukurasa mumoja wa kuandika mahali watu wamejikwaa. Si jina la mutu, ni mahali tu, ili asipate haya. Mahali pakiandikwa mara mbili, patengenezwe.

Tatu, mbele ya mvula kuanza tufanye salongo ya njia. Njia inayoteremuka moja kwa moja inageuka mufereji. Tuipindishe, tukate vimifereji vya kutoa maji pembeni, tuweke ngazi za miti penye kuteremuka sana, na ku ukingo tupande majani yanayoshika udongo. Ni kazi ile ile tunafanya ku mashamba kwa kuzuia mumomonyoko. Majembe na mapanga tuko navyo.

Tuongeze neno moja kwa wabebaji wenyewe: kiatu kilichochakaa chini kisishuke mulima wakati wa mvula, na mutu asibebe na njaa toka asubuhi. Mwenye kizunguzungu hajikwai sababu ya jiwe tu.

Lile jiwe la pale ku mufereji lingali mahali pake. Ku mukutano unaokuja, mbele ya kusoma hesabu ya kilo, tuamue kwanza ni siku gani tunalitoa.