Wanaomsingizia Achilles

Kila nikikaa na watu wanaopenda hadithi za vita vya Troy, nasikia maneno yale yale. Kwamba mashujaa wa Wagiriki walikuwa watu wa misuli na damu, kwamba Achilles alisusa vita kwa ajili ya kijakazi, kwamba mwanamume wa zama zile hakulia wala hakuogopa. Wengi wamevijua vita hivyo kupitia sinema, hasa ile ya mwaka 2004 ambamo Hector wa Troy anamuua Menelaus, mfalme wa Sparta. Lakini katika Odyssey, utenzi wa Homer, miaka baada ya Troy kuanguka, Menelaus yu hai kwake Sparta, anakaribisha wageni mezani. Nimeirudia Iliad, utenzi wake wa vita hivyo, mara nyingi, na kila inaposingiziwa naona uchungu. Nitajibu dai moja moja, kwa ushahidi wa tenzi zenyewe.

Nianze na dai dogo: eti Achilles hakudhurika popote isipokuwa kisigino. Kisa cha mama yake kumchovya katika mto Styx kimetufikia kupitia Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, mamia ya miaka baada ya Homer. Katika kitabu cha 21 cha Iliad, Asteropaeus, aliyeweza kurusha mikuki kwa mikono yote miwili, anamparuza Achilles mkono wa kulia na damu inatoka. Jambo hili lina uzito. Mama yake, Thetis, amemwambia kwamba njia zake ni mbili: abaki Troy afe kijana na jina lake lidumu, au arudi kwao azeeke, asikumbukwe na mtu. Kila anachotenda anakitenda na hesabu hiyo kichwani. Ukimpa ngozi isiyopenya mkuki, umemnyang'anya ushujaa wenyewe.

Dai zito ni la Briseis, mwanamke mateka aliyekuwa fungu la Achilles. Watu wanasema jeshi zima liliteketea kwa sababu mtu mmoja alinuna alipochukuliwa mwanamke. Tuangalie ugomvi ulivyoanza. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamshikilia Chryseis, binti wa kuhani wa Apollo, na baba mtu anapokuja na fidia anafukuzwa kwa matusi. Apollo anaipiga kambi kwa tauni siku 9. Siku ya 10 anayeitisha baraza ni Achilles, na ndiye anayemhakikishia mwaguzi Calchas kwamba hatadhuriwa akisema kweli. Agamemnon anakubali kumrudisha binti, ila anataka afidiwe kwa fungu la mwenzake. Hapo ndipo Briseis anapochukuliwa.

Wagiriki walikuwa na neno geras, yaani fungu ambalo jeshi linamkabidhi mtu mbele ya wote kushuhudia alivyopigana. Fungu hilo ndilo sura ya timê, heshima yake. Kulipora ni sawa na kumvua mtu nguo barazani, tena anayempora ni mkuu aliyepaswa kuwa mgawaji wa haki. Na kama shida ingekuwa mwanamke tu, ingekwisha katika kitabu cha 9. Agamemnon anatuma wajumbe watatu, Odysseus, Phoenix na Ajax, na ahadi nzito: vyungu 7 vya miguu mitatu, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20 yanayong'aa, farasi 12 washindi wa mbio, wanawake 7 wa Lesbos, na Briseis mwenyewe, pamoja na kiapo kwamba hajaguswa. Juu yake, wakirudi salama, miji 7 na binti wa mfalme awe mkewe.

Achilles anakataa. Anasema aliyepigana na aliyekaa nyuma wanapata fungu moja, na kifo kinawapata sawasawa. Ng'ombe hutekwa, farasi hupatikana, lakini pumzi ya mtu ikishatoka haikombolewi. Hapa amevuka ugomvi wa fungu. Anauliza kama mali inaweza kweli kuwa bei ya uhai, na katika kambi ile hakuna mwingine aliyethubutu kuuliza hivyo. Sisemi kwamba yuko sahihi kabisa. Phoenix, aliyemlea, anamsihi. Ajax anamkumbusha kuwa hata aliyeuliwa ndugu hupokea fidia akatuliza moyo. Achilles hawasikii, na bei anailipa kwa uhai wa rafiki yake Patroclus. Ila kosa la mtu aliyevunjiwa ahadi na mila aliyoitumikia si kununa.

Na wanaosema "kijakazi tu" hawajafika kitabu cha 19. Briseis anaanguka juu ya maiti ya Patroclus na kusimulia: mumewe na kaka zake watatu waliuawa, na Patroclus ndiye aliyemzuia kulia, akimwahidi kuolewa na Achilles. Wanawake mateka wanalia naye, kwa nje wakimlilia Patroclus, kwa ndani kila mmoja akilia msiba wake. Mshairi aliyeandika hivyo hakumwona mwanamke yule kama chombo.

Wengine husema heshima ya mashujaa ilikuwa majivuno ya wakubwa. Wamsome Sarpedon, mfalme wa Lycia, katika kitabu cha 12. Anamuuliza mwenzake Glaucus kwa nini kwao wanapewa viti vya mbele, nyama nono, vikombe vilivyojaa na mashamba mazuri kando ya mto Xanthus. Jibu analitoa mwenyewe: ili wasimame mstari wa kwanza, Walycia waone kwamba wanaowalisha hawali bure. Halafu anaongeza neno ambalo kila nikilisoma linanigusa. Kama kukwepa vita hivi kungewafanya wasizeeke wala wasife, asingepigana wala asingemtuma Glaucus mbele. Heshima kwake ni deni, na anayemdai ni mkulima wa Lycia.

Kweli, Homer ana upande wake wa giza, na sitauficha. Katika kitabu cha 2 Thersites, mtu asiye na cheo, anamlaumu Agamemnon kwa ulafi, karibu maneno yale yale aliyoyasema Achilles, na anachopata ni kipigo cha Odysseus huku jeshi likicheka. Katika Odyssey wajakazi 12 wa nyumba ya Odysseus wananyongwa bila kusikilizwa. Sina la kutetea hapo.

Eti shujaa haogopi, tena halii? Hector, nguzo ya Troy, anamkimbia Achilles mara tatu kuzizunguka kuta za mji wake. Odysseus tunamkuta kwa mara ya kwanza ameketi ufukweni kwa mungu-mke Calypso, anatazama bahari na kulia. Achilles anamlilia mama yake. Wagiriki wale hawakuona aibu katika machozi. Aibu, ile waliyoiita aidôs, ilikuwa kwingine, na ndiyo iliyomuua Hector. Polydamas, mwenzake wa Troy, alimshauri alirudishe jeshi ndani ya kuta. Akakataa, wengi wakafa. Sasa amesimama nje ya lango, baba na mama wanamsihi aingie, naye anawaza atakavyosemwa: Hector aliziamini nguvu zake akawaangamiza watu wake. Anabaki nje kwa sababu ya maneno ya watu. Homer hapo haitukuzi mila ya ushujaa. Anaonyesha inavyoweza kumbana mtu mwema mpaka mjane wake anasikia vilio kutoka ukutani akiwa anamwandalia maji ya kuoga.

Kuhusu ukarimu, xenia, wapo wanaouona kama adabu ya mezani. Ulikuwa sheria, na Zeus ndiye mlinzi wake. Mgeni hulishwa kwanza, ndipo aulizwe jina. Jitu Polyphemus linaanza na maswali, kisha linawala wageni. Wachumba 108 wa Penelope, mke wa Odysseus, wanakula mali ya mwenyeji asiyekuwapo. Paris, ndugu wa Hector, alimwibia mke mwenyeji wake Menelaus. Wote wanavunja sheria ile ile, na vita vizima vya Troy vimetoka hapo. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Menelaus anamwambia kijana Telemachus, mwana wa Odysseus, kwamba ni kosa kumharakisha anayetaka kukaa, na kosa hilo hilo kumzuia anayetaka kwenda. Hata katikati ya mapigano, Diomedes wa Wagiriki na Glaucus, adui yake, wanapogundua kuwa babu zao walikaribishana, wanaiteremsha mikuki na kubadilishana silaha, za dhahabu kwa za shaba, thamani ya ng'ombe 100 kwa ya ng'ombe 9.

Limebaki dai kwamba Homer anapenda damu. Ndani ya Iliad, Zeus anamwambia Ares, mungu wa vita, kwamba katika miungu wote wa Olympus hakuna anayemchukia kama yeye. Na wanaokufa si idadi. Simoeisius, kijana wa Troy anayeanguka kwa mkuki wa Ajax, tunaambiwa mama yake alimzaa kando ya mto Simoeis walipoteremka kutoka mlima Ida kuangalia kondoo, na kwamba hakuishi kuwalipa wazazi malezi. Hatumjui kabla ya hapo, wala hatajwi tena. Mshairi mpenda damu asingesimama kumtafuta mama wa mtu anayekufa upande wa adui.

Achilles anapoiburuta maiti ya Hector, Apollo analalamika mbele ya miungu kwamba mtu huyu amepoteza huruma na aibu. Kisha usiku Priam, mfalme mzee aliyekuwa na wana 50, anaingia kambini, anashika magoti ya Achilles na kubusu mikono iliyomuulia wanawe. Anamtaja Peleus, baba wa Achilles, anayesubiri mtoto. Wanalia pamoja, kila mmoja na wafu wake. Maiti inaoshwa, na Achilles mwenyewe anailaza juu ya machela. Anamlisha mgeni wake, kisha anauliza anahitaji siku ngapi. Priam anahesabu: 9 za kuomboleza, ya 10 kuzika, ya 11 kujenga kaburi, na ya 12, ikibidi, wapigane. Achilles anakubali, kisha anamshika mzee mkono wa kulia, kwenye kifundo, ili asiogope.