Tetemeko Linapiga Hodi, Nani Anasikia?

Kijiweni wiki hii ubishi ulikuwa mkali: eti kuna mashine zinazolijua tetemeko la ardhi kabla halijapiga, ila wazungu wanabana tu. Ngoja niwapashe.

Wa kukutajia siku na saa ya tetemeko hayupo. Akija na stori hizo, mwambie akauze karanga. Ila kuna jambo jingine tamu zaidi.

Ticha alitufundisha kuwa jiwe likirushwa juu linarudi kwa sababu dunia inalivuta. Sasa tetemeko kubwa linahamisha miamba mingi kwa mkupuo, na miamba ikihama, mvuto nao unabadilika kidogo. Habari hiyo inasafiri kwa spidi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtikisiko wenyewe unajivuta kilomita 6 hadi 8 tu. Yaani mmoja kashafika, mwingine konda bado anaita abiria!

Twende Japani, Machi 11, 2011, saa 8:46 mchana. Tetemeko la ukubwa wa 9 likapiga baharini. Dakika tatu tu baadaye onyo la tsunami likatoka, hapo nawavulia kofia. Tatizo, mashine zilikuwa zimelipima 7.9. Usione tofauti ndogo, bwana: la 9 lina nguvu zaidi ya mara 40. Watu wa Iwate wakaambiwa yanakuja maji ya mita 3. Kuna mji kule ulikuwa na ukuta wa mita 10! Wewe ungekimbia? Onyo la kuyapandisha maji lilitoka saa 9:14, na sehemu nyingine umeme ulishakatika, hawakulisikia. Waliokufa na kupotea walizidi 18,000.

Mwaka 2016 wataalamu walifukua kumbukumbu za mashine ya kupimia mvuto iliyokuwa Kamioka, kama kilomita 500 kutoka lilipoanzia. Wakaikuta ile hodi, imetangulia mtikisiko. Mwaka 2022 wengine wakaifundisha kompyuta kuisoma, wakaijaribu kwa tetemeko lile lile. Ndani ya dakika mbili hivi ilishajua kuwa hili ni jitu.

Wapo pia waliodai mwaka 2018 kuwa satelaiti za GRACE ziliona mvuto ukibadilika miezi kadhaa kabla. Wenzao wanawabishia. Mimi nasubiri, maana hao waliona baada ya maiti kuzikwa.

Na msikimbilie kuagiza hizo mashine. Hodi yenyewe haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya mvuto tuliouzoea, kwa hiyo makelele kidogo tu yanaifunika. Inasikika kwa matetemeko makubwa mno, yanayopita 8. Lile la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9, likaua watu na kubomoa nyumba kibao. Mashine ya mvuto isingesema kitu.

Haya, wiki ijayo tena.